Kuondoa Bila Kupoteza: Ufundi wa Kariandusi

Mtu akinunua mashine ya kutambua metali, kazi ya kwanza ni kutafuta pa kuijaribia. Shambani kwake hapana raha: vilivyomo anavijua vyote, kuanzia misumari ya banda la kuku hadi jembe lililokatika mpini. Roho inataka ardhi ya zamani. Na kwa mkazi wa Nakuru, Gilgil au Naivasha, ardhi ya zamani haiko mbali. Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu, ukaipita Gilgil na kuanza kuliona Ziwa Elmenteita, utakuta kibao cha Kariandusi. Hapo Makavazi ya Kitaifa yanatunza eneo ambalo watu walilitumia yapata miaka milioni moja iliyopita. Ukihesabu kizazi kimoja kuwa miaka 25, hivyo ni vizazi 40,000. Pazee zaidi ya hapo mtu ataka nini?

Sheria inamkata tamaa mapema. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kutafuta vitu vya kale bila leseni, na Kariandusi ni eneo linalolindwa. Mashine itabaki ndani ya gari. Hata hivyo swali lake ni zuri: je, kama angeruhusiwa, mashine ingemwambia nini?

Mashine hiyo ina koili inayopitishwa juu ya ardhi. Umeme unaobadilikabadilika ndani ya koili huzalisha uga wa sumaku unaopenya udongo. Uga huo ukikuta kipande cha metali, huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na mkondo huo nao hutoa uga wake unaorudi juu. Mashine huuhisi, ikalia. Kwa sarafu, kwa waya, kwa risasi kuukuu, ni kifaa cha ajabu. Ila Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na udongo wake una chembe za madini yenye chuma zinazoifanya mashine ipige kelele pasipo na kitu. Mwenye kuijua kazi huanza kwa kuizoesha udongo wa mahali hapo, hadi inyamaze, ndipo atembee.

Akishaizoesha, pale Kariandusi ingemtolea vizibo vya soda, vipande vya mabati, pengine msumari wa fundi aliyejenga kibanda cha kuhifadhia mashimo. Watu wa kandokando ya Ziwa Nyanza walianza kufua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Tuwe wakarimu, tuseme 2,500. Ukiugawa umri wa Kariandusi katika sehemu 400 zilizo sawa, mashine inaweza kuona sehemu moja tu, ile ya mwisho. Kwa zile 399 nyingine haina la kusema. Vilivyoachwa na wenyewe ni mawe, na mawe hayo hayalii.

Kwa hiyo Kariandusi ni mahali pazuri pa kutazama ufundi usio na mashine. Na ufundi wenyewe ni wa aina mbili, umeachana kwa miaka milioni moja na bado unafanana: wa aliyetengeneza shoka la jiwe, na wa anayelichimbua leo. Wote wawili kazi yao ni kuondoa. Mfinyanzi akikosea, hulikanda upya dongo lake. Msusi wa vikapu hufumua. Mjenzi hubomoa tofali akaliweka tena. Aliyebanja jiwe hawezi kukirudisha kibanzi, na aliyechimba hawezi kulirudisha tabaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na hawa wawili kazi yao yote ni kumwaga.

Tuanze na wa kwanza. Fundi wa Kariandusi alikuwa na mawe ya aina mbili kuu: lava ngumu ya kijivu, na obsidiani. Obsidiani ni kioo kilichotengenezwa na volkano. Lava yenye silika nyingi ikipoa upesi mno, fuwele hazipati nafasi ya kuumbika, na kinachobaki ni jiwe jeusi linalong'aa, lisilo na nyuzi wala mishipa. Nguvu ya pigo haikuti kizuizi ndani yake. Huanzia pale ulipogonga, ikasambaa kwa umbo la koni, na kibanzi kikachomoka kikiwa na makali yanayopasua ngozi kabla mwenyewe hajahisi. Nyuma yake kinaacha kovu lenye mawimbi, yaliyobanana karibu na pale pigo lilipotua na kupanuka kadiri yanavyokwenda mbali.

Hapo ndipo inapofaa kusimama na kulitazama shoka moja kwa muda mrefu. Mwanga ukiliangukia kwa pembeni, makovu yanajitokeza moja moja. Kwanza unatafuta mawimbi yalikoanzia: hapo ndipo jiwe la kugongea lilipotua. Kisha unatafuta mahali kovu moja linapokata ukingo wa jingine. Linalokata ni la baadaye, lililokatwa ni la mapema. Kwa kanuni hiyo moja unaweza kuyahesabu mapigo kinyumenyume, kutoka la mwisho kuelekea la kwanza, na kumfuata fundi alivyokuwa akigeuza jiwe mkononi: upande huu, upande ule, akirudi huku kunyoosha ukingo uliopinda. Huyu mtu hatujui alisemaje, wala kama alisema. Wataalamu wengi humhusisha na aina ya binadamu wa kale iitwayo Homo erectus. Lakini mpangilio wa maamuzi yake uko wazi juu ya jiwe, na msomaji mvumilivu anaweza kuufuata pigo kwa pigo.

Maamuzi yenyewe yalikuwa magumu. Kibanzi hakitoki vizuri ila pembe ya ukingo iwe chini ya nyuzi 90. Ukingo ukiwa butu, pigo linaponda badala ya kupasua. Ukigonga ndani mno, nguvu inavuka katikati ya jiwe na kulikata vipande viwili. Ukigonga nje mno, unatoa unga. Isitoshe, kila kibanzi kinachotoka hubadilisha pembe ya pigo linalofuata, kwa hiyo fundi hana budi kufikiria mapigo mawili matatu mbele. Na anaendesha mambo mawili kwa pamoja: ulinganifu wa upande wa kushoto na wa kulia, na wembamba wa jiwe kutoka uso hadi uso. Akinyoosha ukingo bila kupunguza unene, atabaki na donge. Akipunguza unene bila kuulinda ukingo, shoka litasinyaa hadi lisiwe na kazi.

Baadhi ya mashoka hayakuanza na jiwe zima. Fundi alibandua kwanza kibanzi kikubwa kutoka kwenye mwamba wa lava, kipana kuliko kiganja, kisha akakichonga hicho. Pigo la kubandua kibanzi kikubwa hivyo linataka nguvu na shabaha kwa wakati mmoja, lakini humwokolea fundi nusu ya kazi, kwa sababu wembamba unapatikana mara moja. Vifaa vingine viliachwa na ukingo mmoja mnyoofu, ule ule wa kibanzi, haujaguswa tena. Aliyeuacha alijua kwamba makali yale hayawezi kuboreshwa, na kwamba pigo la ziada lingeyaharibu. Kujua pa kuachia ni sehemu ngumu ya ufundi wowote, na hapa imehifadhiwa kwenye jiwe.

John Gowlett, mwanaakiolojia aliyefanya kazi katika eneo hili tangu miaka ya 1970, aliyapima mashoka ya Kilombe, kaskazini-magharibi mwa mji wa Nakuru, akiwa na mwenzake Robin Crompton, kisha wakaigeukia Kariandusi kwa maswali yale yale. Hoja yao inaanza na hesabu rahisi. Ukilikuza shoka mara mbili kwa urefu, upana na unene, uzito unapanda mara nane, na mkono hauwezi kulitumia tena. Huko Kilombe waliona kwamba mafundi hawakufanya hivyo. Shoka lilivyozidi kuwa refu, ndivyo lilivyokuwa jembamba kwa kulinganisha na urefu wake. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo mahali popote. Ilikuwa mikononi, ikapokezwa kwa kutazamana.

Sasa tumgeukie fundi wa pili. Eneo la Kariandusi liligunduliwa mwaka 1928, wakati wa safari za utafiti za Louis Leakey, na likachimbwa katika miaka iliyofuata. Anayechimba mahali kama hapa haanzi na jembe. Anaanza na kamba, futi kamba, pima maji na timazi. Ardhi inagawanywa kwa kamba kuwa miraba, na mahali pamoja pasipohama panachaguliwa ili kila kipimo kianzie hapo. Ndipo mwiko unapoingia, mwiko wa kawaida wa mwashi, ila umenolewa. Hauchomwi ardhini kwa ncha. Unavutwa kwa ubavu, kuelekea kwa mchimbaji, ukikwangua udongo mwembamba kwa upana wote wa mraba, ili sakafu ya shimo ibaki bapa na kuta zake zisimame wima. Shimo la mchimbaji mzuri ni nadhifu kiasi kwamba mgeni hudhani ni urembo. Ule unadhifu una kazi. Kwenye ukuta ulionyooka, mabadiliko ya rangi yanaonekana: mchanga wa kijito cha kale, udongo mweupe wa ziwa, ukanda mwembamba wa jivu.

Sauti nayo ipo, ingawa haitoki kwenye mashine. Mwiko ukipita kwenye udongo unasugua. Ukipita kwenye changarawe unakwaruza. Ukigusa obsidiani, hata kwa ncha ndogo, unatoa mlio mkali na mfupi, na mkono unasimama kabla ya akili. Kuanzia hapo mwiko unawekwa chini. Kijiti cha mbao na burashi vinachukua nafasi, na jiwe linafunuliwa pande zote bila kusogezwa. Halitolewi. Linapimwa umbali wake kutoka kamba hizi mbili, na kina chake kutoka ile alama isiyohama. Linachorwa limelalaje na limeelekea wapi. Linapigwa picha. Ndipo linapoinuliwa, likaingia mfukoni likiwa na namba yake.

Udongo uliokwanguliwa hautupwi pia. Unapitishwa kwenye chekeche, na anayekaa hapo anafanya kazi ile ile ya mama anayechambua mchele kwenye ungo: jicho halitafuti kitu fulani, linatafuta kisichofanana na vingine. Vibanzi vidogo kama kucha hupatikana hapo, na kwa mjuzi vina thamani kuliko shoka zuri. Vibanzi vikiwa vingi karibu na shoka, huenda shoka lilichongwa papo hapo. Vikikosekana kabisa, huenda maji yamevichukua. Mashoka yakiwa yameelekea upande mmoja na kingo zake zimelainika, kijito kinaingia kwenye hadithi. Obsidiani ni shahidi mzuri wa jambo hili, kwa kuwa kingo zake huchubuka upesi zikigongana na changarawe. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu rundo la mashoka huwa hili: yaliachwa hapa na watu, au yaliletwa na maji? Jibu liko kwenye mlalo wa kila jiwe. Ukiling'oa bila kuandika, umelipoteza jibu na umebaki na pambo la mezani.

Leakey mwenyewe alilipa bei ya somo hili. Mwaka 1932, kwenye ufuo wa Ziwa Nyanza katika nchi ambayo leo ni Homa Bay, msafara wake ulipata taya la mtu huko Kanam na vipande vya mafuvu huko Kanjera. Aliyatangaza kuwa ya kale mno. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alisafiri kutoka Uingereza kuja kuoneshwa mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonesha. Alikuwa ameweka alama kwa vigingi vya chuma, na wenyeji walikwisha kuving'oa, kwa sababu chuma kizuri hakiachwi kimesimama porini bure. Picha nazo zilikosa kumsaidia, maana mojawapo ilikuwa ya mahali pengine. Boswell alirudi akaandika katika jarida la Nature kwamba ushahidi hautoshi, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka mingi. Mifupa ilikuwepo kabatini, mizima. Kilichopotea ni mahali pake, na bila mahali mifupa haikuweza kujitetea. Hapo ndipo mashine ya metali ingefaa kidogo Kanam, kama vigingi vingekuwa bado ardhini.

Sitaki kuidharau mashine hiyo. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za Little Bighorn, Marekani, uwanja wa vita vya mwaka 1876 ambako jeshi la kamanda Custer liliangamizwa. Mwaka uliofuata wanaakiolojia, wakiongozwa na Douglas Scott na Richard Fox, waliwapanga mstari watu wa kujitolea wenye mashine zao, wakatembea hatua kwa hatua. Mashine ilipolia, hakuna aliyechimba na kutia mfukoni. Walichomeka kibendera, wakapita. Nyuma yao walikuja wapimaji. Kila ganda la risasi lilipewa mahali pake kwenye ramani, kisha alama za kifyatulio zikalinganishwa kwa hadubini, hadi ikawezekana kufuata bunduki moja ikihama kutoka sehemu moja ya uwanja hadi nyingine. Kenya ina nyanja zinazostahili kazi ya namna hiyo, kama vile Salaita kule Taita Taveta, palipopiganwa Februari 1916. Lakini angalia kilicholeta ushindi Little Bighorn. Mlio ulikuwa mwanzo tu. Ufundi ulikuwa kwenye kibendera.

Na kuna wale ambao hawakuhitaji hata mlio. Kamoya Kimeu alianza kufanya kazi na akina Leakey mwaka 1960, akaja kuongoza kundi la Wakenya ambao macho yao yalijulikana duniani kote. Mwaka 1964 alipata taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Agosti 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, siku ambayo kambi ilikuwa imepumzika, alitoka kutembea kwenye mteremko uliojaa kokoto nyeusi na akaona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi karibu sawa na kokoto zenyewe. Kilichofuata, baada ya misimu kadhaa ya kuchimba na kuchekecha, ni kiunzi cha Mvulana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Watu husema alikuwa na bahati. Bahati haimfuati mtu kwa miaka 20. Alijua mfupa huakisi mwanga namna gani na jiwe namna gani, alijua mvua huteremsha vitu kutoka tabaka lipi, na alijua kutembea polepole jua likiwa mgongoni.

Turudi Kariandusi, maana kuna jambo moja zaidi la kusifu hapo, nalo halionekani kwa urahisi. Mgeni akiingia kwenye mashimo yaliyoezekwa atakuta mashoka yameachwa ardhini, yamelala kama yalivyokutwa. Jirani, machimbo ya dayatomaiti yamefunua kuta ndefu nyeupe, ambazo ni masalia ya mwani mdogo usioonekana kwa macho ulioishi kwenye ziwa la kale na kujijengea maganda ya silika. Silika hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye obsidiani, moja ikitoka majini na nyingine motoni. Kati ya matabaka hayo kuna majivu ya volkano. Wengi hupita wakiwa na haraka ya kuona mashoka, na kumbe ardhi iliyoachwa bila kuchimbwa ndiyo akiba kubwa ya mahali hapa.

Leakey alipokuwa akichimba mwaka 1929, hakuna mtu duniani aliyeweza kuupima umri wa mashoka hayo kwa miaka. Alikisia. Mbinu ya kupima umri wa jivu la volkano kwa kuhesabu gesi ya agoni inayotokana na potasiamu ndani ya fuwele zake ilitumika Olduvai mwaka 1961, zaidi ya miaka 30 baadaye. Mwaka 2014 wanajiolojia walichapisha kazi iliyolinganisha kemia ya majivu ya Kariandusi na ya Olorgesailie na Isinya, maeneo ya kusini mwa Nairobi, wakaonesha kwamba baadhi ya matabaka hayo yalitoka kwenye milipuko ile ile. Maeneo matatu yaliyokuwa yakisomwa kila moja peke yake sasa yanaweza kuwekwa kwenye kalenda moja. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu matabaka yalikuwa bado yamesimama. Wachimbaji waliotangulia wangeimaliza ardhi yote kwa shauku ya mashoka, wangekuwa na makabati yaliyojaa na swali lisilojibika.

Ndiyo maana katika kazi hii ni kanuni kuacha sehemu ya eneo bila kuigusa, hata fedha zikiwepo na msimu ukiruhusu. Anayeiacha anajua kwamba hatachimba yeye, na kwamba sifa itamwendea mwingine. Anajua pia kwamba huyo mwingine atakuwa na vipimo ambavyo leo havijabuniwa. Fundi wa mawe aliyeacha ukingo mnyoofu bila pigo la ziada alifuata busara hiyo hiyo kwa kipimo cha kiganja: mkono ulikuwa bado una nguvu, jiwe lilikuwepo, na akaona kazi imetosha.